Nje ya Picha

Lujaina kaambiwa na mwalimu achore mazingira.
Kachora mlima, mbuzi watatu, mtende umeinama,
jua pembeni kama kifungo cha kanzu.
Nikamuuliza, na wewe uko wapi?
Kanitazama kwa huruma.
Mama, mimi si ndiye ninayechora.

Jibu hilo nimelala nalo siku tatu.

Tunakaa Ghubra, nyumba ya chini.
Vioo vimebandikwa karatasi nyeusi,
mlango una mpira usiopitisha hata umbea.
Nje Mei inakaanga watu,
ndani mimi nimejifunika blanketi.
Miaka kumi na minne ya hivyo
na joto linakuwa habari za watu wengine,
kama vita unavyovisikia redioni ukipepeta mchele.

Lugha nayo imo katika njama.
Mazingira, tunasema: vile vilivyotuzingira.
Kama sisi tumo ngomeni
na wao wamepiga kambi chini ya ukuta,
mchanga, mbu, jua, mbuzi watatu.
Lakini lugha hiyo hiyo ina neno maumbile,
na Shangazi Zamzam alilitumia kwa milima ya Izki
na kwa mguu wangu wa kushoto uliopinda.
Ndiyo maumbile yake, akisema,
huku ananisugua kisigino.

Jumanne kiyoyozi kikafa.
Nyumba ikakumbuka iko wapi.
Kufika adhuhuri siagi imekuwa mafuta
na sisi tumekuwa watu wenye harufu.
Akaja Sajeev, fundi, mtu wa Kerala;
Kiarabu chake cha sokoni na changu cha Unguja
vikakutana katikati.
Akazunguka nyuma, akakaa kimya, kisha akaniita.

Kichochoroni, pale bomba linapodondosha maji,
mahali ambapo sijawahi hata kuchungulia,
palikuwa na mji.
Mche wa mtende, urefu wa goti:
kokwa niliyoitema dirishani mwenyewe, naogopa,
Ramadhani ya mwaka gani sijui.
Sisimizi kwenye unyevu, foleni hadi ukuta wa jirani.
Na juu ya mashine njiwa, kiota chake
kimefumwa kwa waya na nywele nyeusi ndefu,
zile ninazozitoa kwenye kitana cha Lujaina
na kuzitupa, nikidhani kutupa ni kumaliza.

Maji haya, nikauliza, yanatoka wapi?
Sajeev akacheka. Kwenu.
Hewa ya ndani. Pumzi zenu. Mashine inazikamua.

Kumbe.
Ugomvi wetu wa usiku, dua zangu za alfajiri,
mvuke wa chai, kikohozi cha Mbarak,
vyote vikishuka tone tone nyuma ya ukuta
na njiwa akinywa.
Wazee wa Izki walichimba falaji kwa vizazi,
wakagawana maji kwa nyota na kwa kivuli.
Sisi tumechimba yetu kwa kukohoa
na hatukujua kwamba ina zamu.

Nilikuwa nikisema ni kiburi kinachotutenga.
Sasa sina hakika. Labda ni baridi tu.
Ukuta ukikupa raha, nani atauliza
upande wa pili unatoa nini, unapokea nini?

Saa kumi mashine ikanguruma tena.
Sajeev akashika shina la mche kwa vidole viwili.
Huu utapasua msingi, akasema. Niung'oe?
Nikasema subiri.
Bado anasubiri; amenipigia mara mbili.

Leo picha imerudi. Nane juu ya kumi.
Mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu:
nzuri, ila futa uchafu ulio mlimani.
Nikaisogeza dirishani, nikabandua pembe ya karatasi nyeusi
ili nione vizuri.
Si uchafu. Ni kidole gumba,
mistari yote ipo,
jasho na rangi ya kahawia,
kimekaa mlimani kana kwamba kimeota pale.