Ombi Namba 4418, kwa Mara ya Tatu

Kwenu watengenezaji wa programu,
mimi Tsendsuren, mchapaji,
Ulaanbaatar, ghorofa ya chini, nyuma ya duka la betri.
Mara ya kwanza mlinijibu, Asante kwa maoni yako.
Mara ya pili mlinijibu, Asante kwa maoni yako.
Nimeshiba asante.

Jambo lenyewe ni dogo:
mwandiko wetu hauendi, unateremka.
Huanzia juu kama tone kwenye kioo cha dirisha,
hushuka mpaka limalizike neno,
na safu ya pili hukaa kuliani mwa ile ya kwanza.
Kuliani.
Kitufe chenu cha wima nakijua:
hicho huanza kulia kikarudi kushoto,
hata msomaji wangu akaanza na mwisho wa habari,
marehemu akazikwa kabla hajazaliwa,
bi harusi akaaga kabla ya posa.

Nisipokigusa, herufi zinalala ubavu
kama abiria wa treni ya usiku,
na zile zipaswazo kushikana mikono,
ya mwanzo na umbo lake, ya kati na lake, ya mwisho na mkia wake,
zinaachana, kila moja na njia yake.
Msiisingizie fonti.
Fonti aliichora Gombosuren kwa miaka minne,
na sasa anavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

Mnataka hatua za kulirudia kosa. Haya.
Fungueni ukurasa mpya.
Andikeni jina la mke wa mzee Dashzeveg.
Mzee mwenyewe amesimama nyuma yenu, kofia mkononi,
siku mbili ndani ya basi kutoka Khovd,
anataka jina la mkewe juu ya jiwe,
si kwa herufi za shuleni,
bali kwa zile mkewe alizofunzwa na babaye
kwa kijiti, juu ya majivu, yakipanguswa kila mlango ulipolia.
Sasa tazameni kioo.
Jina limelala.
Mzee anatazama, anakohoa, anasema,
"Kulala amekwisha kulala, binti. Hapa msimamishe."
Hapo ndipo kosa linapoonekana.

Viraka nimejaribu.
Nimeilaza kompyuta yenyewe,
kioo nikakiegemeza kwa matofali mawili ya chai,
nikashinda hivyo mchana kutwa, shingo upande,
kipanya kikipanda juu kila nilipotaka kulia,
na nilitaka kulia mara nyingi.

Toleo la nane likatoka.
Nililipakua usiku kucha.
Lina brashi ya manyoya ya paka.
Lina vivuli vya aina kumi na mbili.
Orodha ya mapya niliisoma kwa kidole, juu hadi chini,
nikairudia.
Asiyekuwepo na lake halipo, najua,
lakini mimi nipo: ada mnaikata kila tarehe mosi
na hamjawahi kunisahau.

Ombi langu lina kura kumi na moja.
Tisa nazijua kwa majina na madeni yao.
Ya kumi ni ya mzee Dashzeveg,
asiye na kompyuta; nilimshika mkono, akabonyeza,
akauliza kama panatosha kubonyeza mara moja.
Ya kumi na moja siijui.
Iliingia usiku, mwezi wa pili, kwenye baridi kali.
Kama ni mmoja wenu, basi sema na wenzako.

Jiwe lilichongwa.
Niliandika kwa brashi, nikapiga picha,
nikaufuata wino kwa kishale, nukta kwa nukta,
saa sita kwa jina moja, nalo limesimama.
Msilifunge ombi kwa sababu hiyo.
Kesho anakuja mwalimu na kitabu chake cha watoto,
kurasa mia mbili na arobaini.
Matofali ya chai bado ninayo.
Shingo ninayo moja.