Dakika Arobaini na Moja

Wanasema haraka haina baraka.
Waliosema hawakuoa muuguzi wa zamu ya usiku.

Saa kumi na mbili kasoro tano naegesha basi la shule
kando ya mfereji, hapa Houma, chini ya taa isiyowaka.
Kwenye kiti cha tatu nimeokota jino la mtoto,
limeviringishwa kwa shashi, limesahauliwa.
Nalitia mfuko wa shati, napanda ngazi mbili mbili.
Verlie ndiyo kwanza anaamka. Bomba la bafuni linakohoa.
Saa kumi na mbili na dakika thelathini na sita
lazima awe garini.

Oveni kwanza. Nyuzi mia nne na hamsini, bila huruma.
Saa yake inapepesa sifuri tangu kimbunga kilipokata umeme,
hatukuirekebisha; katika nyumba hii
hakuna asiyejua ni saa ngapi.

Minofu ya kambare imetoka kwa Ozémé, nyumba ya pili,
malipo ya mashine ya nyasi niliyomtengenezea.
Naipangusa kwa taulo la karatasi, ikauke, ikauke tena:
maji ni adui wa ukoko.
Ndani ya kikombe kisicho na mkono
paprika vijiko viwili, thaimu, unga wa kitunguu saumu,
chumvi, sukari kidogo ya kuudanganya ulimi,
na pilipili kali nusu kijiko —
hapana, robo. Tumbo linamuuma siku hizi
naye hasemi. Mimi huhesabu vidonge kichupani.

Kisha nasugua. Sipaki, nasugua,
kwa kiganja kizima, kama mtoto anavyosuguliwa mafuta
asubuhi ya baridi, hadi nyama iliyopauka iwe tofali.
Pilipili inauona ufa wa kidole changu, inaingia, inakaa.
Marehemu mama angenicheka.
Kwake kambare alitaka karai la chuma, siagi,
na moshi wa kuwatoa majirani uani wakipepea leso.
Mama alikuwa na jioni nzima, lakini.
Mimi nina trei, foili,
na mlango wa kioo wa kuchungulia.

Dakika kumi na mbili.

Verlie anatokea na sare ya bluu, nywele mbichi,
anainama kuchungulia, nami nainama kumwonyesha,
na jino linaruka kutoka mfukoni,
tik, tik, chini ya jiko.

Basi ndivyo tulivyozitumia.
Watu wazima wawili kwa magoti na tochi ya simu,
shavu sakafuni, yeye akivuta vumbi kwa mwiko,
akiuliza, "La nani?" nami nikisema, "La kiti cha tatu,"
naye akicheka kile kicheko chenye mkoromo
nilichodhani tulikiacha kwenye chumba cha kwanza tulichopanga.
Tukapata kifungo. Tukapata karanga ya kale.
Tukapata hereni aliyoililia mwaka mzima.
Jino lilikuwa la mwisho,
na harufu ikatupigia kelele kabla ya kengele.

Pembeni kuliungua. Katikati nyama iliachana yenyewe,
nyeupe, kama kurasa za kitabu kilicholowa.
Tulikula tumesimama, kwenye trei ileile, kwa vidole,
limau limekamuliwa juu, mbegu na yote. Mkate wa jana.
"Pilipili haitoshi," akasema.
Nikameza neno langu
pamoja na mfupa mmoja uliomponyoka Ozémé.

Akaondoka amechelewa dakika tatu, hereni moja sikioni.
Ataosha mikono mara arobaini mpaka alfajiri
na ukucha wa gumba hautakubali kusahau.

Jino nimelitia bahashani, nimeandika: kiti cha tatu.
Nimelinusa.
Kesho kuna mtoto wa miaka sita atakayeuliza
kwa nini jino lake linanuka kitunguu saumu,
na dereva atatazama barabara.