Salamu ya Kuwashia

Ilikuja na kilima cha kijani.
Nikakitazama siku tatu, dukani kwangu Mabatini,
kati ya mashine ya kopi na rundo la vyeti vya watu,
nikajiuliza: hapa Mwanza nani amewahi kuona
kilima kisicho na jiwe hata moja?

Siku ya nne nikakifuta.
Nikaweka picha niliyopiga mwenyewe, kidole kimeingia pembeni:
nyumba ya baba, Bugarika, imekaa juu ya jabali
kama kofia iliyovaliwa kwa haraka,
na kamba ya nguo, na ndoo ya bluu.
Aikoni nikazipanga kambani,
barua za wateja zikaning'inia katikati ya mashuka,
na pipa la taka nikaliweka palepale
mama alipozoea kumwaga majivu.

Kisha sauti.
Ile kengele ya kosa, kali kama jino likigonga kijiko,
nikaing'oa. Nikarekodi honi ya feri ya Kamanga:
kila nikikosea, feri inaondoka bila mimi.
Nikifuta faili, dagaa wakavu wanamiminwa guniani.
Shemeji Ngollo akasema hiyo ni kazi ya mtu asiye na wateja.
Alikuwa na haki, kidogo.

Ya kuwashia niliiacha mwisho.
Nilimshikia baba simu mdomoni, amelala kwa ubavu,
nikamwambia, sema chochote.
Akakohoa. Akauliza kama inarekodi.
Akasema: Mwangaluka.
Nikakata kikohozi, nikakata swali,
nikabakiza salamu.

Mwezi wa saba tukamzika.
Saa mbili kasoro, duka likaendelea kusalimia kabla yangu,
na Mama Kashinje, akipita na beseni lake la matembele,
akaendelea kuitikia toka barabarani bila kugeuka:
Mwangaluka, baba.
Hakujua ni mashine. Au alijua.

Machi vikaingia virusi.
Fundi Sumuni akaja, flashi shingoni kama hirizi,
akaosha kila kitu, hata nisichomwomba.
"Imekuwa mpya," akasema, na uso ukamng'aa.
Kilima kimerudi. Kijani. Hakina jiwe.
Asubuhi kikalia kinanda cha mtu asiyetujua.

Mama Kashinje akasimama mlangoni.
Akashusha beseni. Hakuuliza kitu.
Akangoja tu, kama mtu anayedai chenji.

Usiku ule nikafukua simu ya zamani,
kioo kimepasuka, betri imevimba, inawaka ikiwa kwenye chaji tu.
Ilikuwemo. Nzima, haijaguswa na mkasi wangu:
kikohozi, godoro likilalamika,
"Inarekodi hii?"
kimya, kuku wa jirani,
Mwangaluka.

Safari hii sikukata kitu.
Wateja wanashtuka. Mwanafunzi mmoja aliniuliza
kama kompyuta inaumwa kifua.
Sekunde kumi na tisa za kukohoa
kabla haijamsalimia mtu.

Na wangoje.