Sugu

Fungua, nikasema, nikaivuta taa.
Akafungua. Miaka sabini na minne,
gego la chini limeoza hadi mzizini,
na chini ya taya, kushoto, lile doa:
la kahawia, gumu, kama haragwe kavu,
pale fidla ilipomng'ata miaka sitini.

Karani alikosea jina kwenye kadi.
Shingo haikukosea.

Shule ya muziki, Kutaisi, ghorofa ya tatu,
baridi ile umeme ulipokuwa mgeni
abishaye hodi usiku na asikae.
Kila mwanafunzi na gogo lake la kuni
kwa jiko la bati; aliyekuja mikono mitupu
alipigia dirishani, penye upepo.
Glavu tulizikata ncha.
"Noti haijakukosea kitu," alisema Mwalimu Tsiala,
"mbona unaikanyaga? Rudia."
Rudia. Nimelila neno hilo kuliko mkate,
na mkate wenyewe tuliupangia foleni.

Watu walisema aliwahi kuwa mtu, kule Tbilisi:
okestra ya opera, kiti cha nne, miaka kumi na tisa.
Usiku mmoja kiongozi wa fidla alishikwa na homa,
yeye akapewa ile mistari miwili ya kupigwa peke yake.
Programu ilikwishachapwa jina la mwingine.
Lake aliliandika mwenyewe, kwa wino,
pambizoni, herufi ndogo,
akampelekea mama yake.

Kisha mshahara ukaja kwa magunia ya unga,
kisha haukuja. Fidla nzuri ikauzwa,
figo la kaka yake likatibiwa,
kaka akafa hata hivyo.
Hakutusimulia. Tuliona tu ameanza kupiga
fidla ya shule, yenye ufa ulioshikwa kwa gundi,
na hata ufa ule ulimtii.

Mimi sikio langu lilikuwa na kutu.
Mwaka wa nne alimwita mama, mlango ukiwa wazi:
"Mtoto huyu ana mikono.
Itafutieni kazi nyingine mikono hii."
Mama alilia hadi Daraja Jeupe.
Mimi nilihesabu mbao za daraja,
nikiwa huru, nikiwa kama yatima.

Sasa ganzi imeingia, nangoja.
Vidole vyake vya kushoto, juu ya mkono wa kiti,
vinaanza kutembea: cha kwanza, cha pili, cha nne, cha tatu,
kile cha nne kikijinyoosha kufika mbali.
Nalijua zoezi hilo. Lilinishinda nikiwa na miaka kumi na mmoja.
Nikashika koleo, nikasubiri afike mwisho,
maana mtu hakatizwi katikati ya mstari,
ndipo nikang'oa.

Akatema damu, akajifuta, akanitazama
kama mtu aliyenijua tangu mlangoni,
na kwa mdomo uliojaa pamba akasema:
"Bega la kulia. Umelipandisha tena."

Nikalishusha.