Dawati la Kumi na Moja

Sikwenda kwa wema. Niseme kweli:
nilifuata supu ya dengu na joto la jiko la kuni,
maana Jumamosi, huku Punta Arenas,
upepo huingia hadi kwenye meno.

Rayén, mdogo wangu kwa miaka miwili,
daftari kwapani, kalamu sikioni,
alitugawa kama karata:
wawili rangi, watatu vioo,
"wewe, mrefu, shika msasa."
Mwalimu hakuwapo. Mlinzi alituachia funguo
akaenda zake kulala.

Madawati ishirini na tisa ya darasa la pili
yamelala ukumbini, miguu juu,
kama kondoo wanaongoja kunyolewa.
La kumi na moja nililijua kabla sijaligeuza:
ELISEO, kwa ncha ya bikari,
ile S imetazama nyuma.
Nilikuwa na miaka saba, na hasira
ambayo leo siikumbuki ilikuwa ya nini.

Rayén akapita. Akasoma. Akanitazama.
"Ni wewe?"
"Ni mimi."
"Basi sugua."

Nikasugua. Vumbi likanikaa kwenye nyusi.
E ikaenda, L ikaenda,
supu ikapoa bakulini nisijue.
S ilikataa. Niliichimba mno siku ile.

Jumatatu, nikipita, nikachungulia dirishani:
mtoto mmoja, kamasi puani, amekaa pale,
anaifuata S yangu kwa kidole,
kinyumenyume,
ulimi nje.

Jumamosi nilirudi.
Rayén hakuuliza kitu.
Alinirushia msasa.