Ukurasa wa Mia Tatu na Kumi na Mbili

Malkia Ilvarra alifunga lango kabla jua halijazama.
Hilo hatubishani, limeandikwa.
Nje walibaki watu mia nne, na punda, na kaka yake Torren
mwenye haki ya kiti,
na ukungu ulao majina ukipanda bonde
polepole, kama maziwa yanayokaribia kuchemka.

Tunalobishania ni mkono.
"Mkono wake ulitetemeka juu ya mnyororo," kaandika mwandishi,
kisha akafunga sura
akatuachia mzigo.

Tulikuwa saba, chumba cha nyuma cha kanisa lisilosaliwa tena,
Cwm Hesgin, kaskazini mwa Welisi,
mvua ikipiga mapaa ya mawe meusi waliyoyachonga babu zao.
Hita moja. Biskuti za tangawizi. Viti vya watoto wa Jumapili
vilivyotupandisha magoti hadi kidevuni,
mahakimu waliokunjwa.

Eluned akasema: uroho. Hesabuni siku.
Siku ya tatu taji lilikuwa kichwani, limeshapunguzwa kipimo.
Nani hupeleka taji kwa sonara kabla ya msiba?
(Eluned alikagua hesabu za halmashauri miaka thelathini;
stakabadhi hazimpiti.)

Iolo, miaka kumi na tisa, mapenzi yamemjaa usoni,
akasema: lakini alilia. Sura ya arobaini, peke yake, bafuni.
"Hata mamba," akajibu Eluned,
bila kuinua macho kutoka kwenye soksi aliyoifuma.

Mimi nilinaswa na kitenzi.
Alimwacha kaka yake langoni?
Au alimwachia kaka yake lango,
alilinde, kama alivyomwomba walipokuwa watoto?
Irabu moja tu katikati,
na mwanamke ni muuaji, au ni mfiwa.

Nia njema ni tabibu, husemwa. Haya, tabibu huyo
usiku ule alikuwa wapi, na nani alimlipa?
Moyo wa mtu ni msitu, husemwa. Wake umepewa kurasa mia tisa
na ramani mbili za rangi,
na bado tumepotea.

Gethin hakuwa amesema neno tangu Novemba.
Tulidhani huja kuota moto.
Akakiweka kikombe chini.
"Mnyororo wa lango ni mzito," akasema.
"Mkono hutetemeka kwa uzito."
Kisha, kana kwamba anaendelea na habari ileile:
"Mimi nilifunga mlango wa chuma, shimo namba tano, maji yalipoingia.
Nyuma yangu watu kumi na wawili. Wote walipona.
Upande wa pili alikuwa Emrys Pugh.
Nikapewa saa ya mfukoni, jina langu limechorwa.
Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nawaza nini."

Hita ikanguruma.
Iolo ni kijana, haoni shimo mpaka alikanyage:
"Ulikuwa unawaza nini?"

"Kwamba Emrys ana deni langu. Pauni nane.
Hilo ndilo lililopita kwanza.
La pili, kwamba nina njaa.
La wale kumi na wawili
nililisoma gazetini."

Sindano za Eluned zikanyamaza.
Mtu akamega biskuti, akaona aibu ya mlio wake.
Nikarudi ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili,
nikautazama ule mkono, uzito wake, baridi yake,
nikatafuta nafasi kati ya mistari
ambamo pauni nane zingeweza kuingia.
Ilikuwepo. Ilikuwepo tangu mwanzo.

"Taji lakini," akasema Eluned, kwa sauti ndogo,
maana stakabadhi ni stakabadhi.
"Taji, ndiyo," akakubali Gethin. "Na mimi saa ninayo bado.
Haikosei hata dakika."
Akasimama, akavaa kofia yenye maji.
"Juzuu ya tano unayo?"

Ninayo. Nilikuwa sijaimaliza. Nikampa.
Akaifumbata ndani ya koti, akashuka ngazi
akiwa ameshika ukuta.

Nikabaki nyuma kuzima hita na kufunga mlango.
Ufunguo ni wa zamani, wa chuma, hugoma.
Niliuzungusha nikitazama mvua,
nisije nikauona mkono.