Wiki ya Tisa

Usajili unafunguliwa saa mbili kamili asubuhi.
Saa mbili na robo, asema Shamsa,
umebakiwa na makombo.

Jedwali liko mbele yangu tangu jana usiku:
Mikataba ya Mafuta na Gesi, nafasi arubaini;
Usuluhishi wa Kibiashara, kwa mwalimu
mwenye saa ya mkononi ya bei ya gari la baba;
Sheria ya Bahari; Ushindani na Masoko;
na chini kabisa, kama ukoko,
Semina ya Dhamana na Rehani,
Alhamisi saa nane mchana, chumba kisicho na dirisha,
saa ambayo wenzangu wa Ibra na Sur
wameshawasha magari.
Muhula uliopita walijiandikisha watano.

Baba kasema mafuta.
Binamu Mundhir, kwa simu kutoka Duqm, upepo ukimla maneno:
mafuta, dada, mafuta,
rehani utafundishwa na benki siku ukijenga.
Dakta Hilali, mshauri wangu, aliitazama karatasi ya alama,
akaniambia, Binti, alama nzuri hizi,
usije ukaziweka rehani.
Akacheka peke yake mpaka akavua miwani.

Mwaka wa kwanza, hapa Al-Khoudh,
nilidhani nimekosea mlango.
Mwalimu anataja hukumu, wakala, shahidi, amana,
wenzangu wameinama wanaandika maana,
mimi nasikia jikoni kwetu.
Kwa Bibi, amana ni sahani ya jirani,
haramu kuirudisha tupu.
Hukumu ni chumvi ikizidi mchuzini.
Shahidi ni paka,
na paka hasemi.

Ila rehani halitaji ovyo.
Akilitaja, hushika mkono wake wa kushoto,
pale penye mfupa,
pasipo na kitu.

Ilikuwa bangili nene, ya harusi.
Mwaka waliporudi
(twasema *kurudi*, na yeye hakuwahi kufika)
walilala chumba kimoja Matrah, watoto sita,
wa tano ana homa, ndiye baba.
Aliivua kwa sabuni.
Sonara Jethalal akaipima mara mbili,
mara ya pili, Bibi anaapa, ilikuwa nyepesi zaidi.
Hapakuwa na karatasi.
Palikuwa na neno, na chai.
Miezi saba baadaye akaenda na pesa
kafunga pindoni mwa leso, fundo mbili,
akakuta duka lile lile, rafu zile zile,
linauza redio.
Mzee amefariki, akaambiwa. Mwanawe yuko Bombei.
Redio hii, mama, inashika mpaka Kairo.

Aliyeshika rehani akifa,
kitu cha watu kinalala wapi?
Nani ana haki ya kukiamsha?
Nilimuuliza Dakta Hilali ukumbini.
Akasema, swali zuri hilo, la mtihani.
Nikasema, hapana, la Matrah.
Safari hii hakucheka.

Sijui kama hiyo ni sababu.
Mafuta yana ajira, najua,
na bangili haitarudi kwa mimi kukaa
chumba kisicho na dirisha na watu wanne wengine.
Shamsa ananitumia ujumbe: UKO WAPI? BADO SITA.
Kisha: BADO MBILI.
Kisha picha ya kaburi.

Saa mbili na dakika nne.
Nimebonyeza.
Baba atajua jioni, nitamwambia akishakula.

Bibi yuko barazani, anachambua mchele,
hainui macho kwenye ungo.
Umechagua nini?
Rehani, Bibi.

Ungo ukasimama.
Mkono wa kulia ukaenda kwa wa kushoto,
ukakaa.
Punje moja ya mchele ikadondoka sakafuni
na hakuna aliyeiokota.

Basi soma vizuri, akasema,
pale pa kukomboa.

Nimeuangalia mpango wa masomo.
Ipo, Bibi, nikamwambia.
Wiki ya tisa.